Ng'ombe Asiye na Jina

"Karibu, mchora mashimo!" Maili, mwuza chai wa Bhotahiti, alipaza sauti hadi ng'ambo ya barabara. "Leo umetuletea shimo la wapi?"

"La Kalimati," Asta Man alijibu, akajibanza mwisho wa benchi.

"La Kalimati si wamelifukia juzi? Jamani, hata manispaa imeona aibu ikafukia, wewe bado unachora!"

Benchi zima likacheka. Asta Man naye akachekacheka, maana anayetaniwa na Maili asipocheka hupewa chai ya jana. Akapokea bilauri yake akaikumbatia kwa viganja viwili. Mvua ilikuwa haijakata tangu mwezi uanze, na vidole vilimuuma, hasa kile kilichobeba kalamu ya wino tangu ujana wake.

Walikuwa na haki ya kumcheka. Kwa miaka zaidi ya ishirini watu wa Kathmandu walinunua gazeti lake wakaanzia ukurasa wa nyuma, penye katuni ya Asta Man Chitrakar, ndipo wakarudi mbele kusoma habari. Aliwachora mawaziri wamejazana ndani ya kikapu cha mpagazi, wanapigana nani akae juu, na mpagazi mwenyewe chini yao amebaki mifupa. Vita vilipopamba moto huko milimani alimchora mama wa kijijini akigawa sufuria ya wali mafungu mawili: moja la waasi watakaokuja jioni, jingine la askari watakaokuja asubuhi kumuuliza kwa nini aliwapikia waasi. Katuni ile ilibandikwa hadi kwa vinyozi. Waziri mmoja alimpigia simu kumtukana, na mwingine akampigia kumlalamikia kwamba hamchori.

Kisha ukaja mwezi wa Magh, mwezi wa baridi, mwaka ule. Mfalme akaifukuza serikali na kushika kila kitu mwenyewe, simu za nchi nzima zikakatwa, na magazeti yakaletewa maofisa wa jeshi wenye kalamu nyekundu. Mwezi uliofuata, watu waliovaa kiraia walimchukua Ujwal mbele ya lango la chuo, wakamwingiza garini na mkoba wake wa vitabu. Ujwal alikuwa mtoto pekee wa Hera, mdogo wake Asta Man, mjane. Hera alizunguka kambi zote za jeshi alizoweza kuzifikia kwa miguu, na kila lango lilimjibu kwamba hawamjui mtu huyo.

Hapo ndipo mashimo yalipoanza. Ofisa aliyeletwa gazetini, Meja Khagendra, alimvuta Asta Man pembeni akamwambia kwa upole kwamba atamtafuta kijana, ana marafiki huku na huku, ila na yeye asaidiwe. Tena alimwita kwa "-ji" ya heshima. "Usinitie matatani, Asta Man-ji. Chora vitu vya kawaida, nami nitauliza." Hakukuwa na la kufikiri. Ikiwa roho ya mpwa wake ilikuwa inaning'inia kwenye ncha ya kalamu, basi kalamu ingechora mabomba makavu, mbwa wa mitaani na mashimo ya barabarani mpaka Ujwal arudi. Hakumwambia mtu, hata Hera.

"Na kesho je?" Maili alikuwa bado hajamwachia. "Kesho Gai Jatra. Kesho hata mwenye taji anachekwa. Ukituletea shimo kesho, kaka, naapa nitakumwagia hii birika."

"Utamwagia nani? Meja ndiye anayechagua."

"Basi mlete Meja, nimwagie yeye!"

Gai Jatra ni siku ya wafiwa. Kila nyumba iliyopoteza mtu ndani ya mwaka humtoa ng'ombe, au mtoto aliyevishwa kama ng'ombe, na kumzungusha mjini, ili marehemu ashike mkia avuke salama mpaka kwa Yama, mungu wa mauti, ambaye siku hiyo hufungua mlango wake. Na wanasema zamani malkia mmoja alifiwa na mwanawe, akalia asibembelezeke, mumewe akaamuru mji mzima ujitokeze kumchekesha. Ndiyo maana siku hiyohiyo watu hujipaka masharubu, hujivika ukuu wa uongo na kumdhihaki yeyote wanayemtaka bila kukamatwa. Msiba na mzaha hupikwa sufuria moja, na magazeti hutoa toleo la vichekesho tu. Asta Man alilipa chai yake akavuka barabara kwenda kazini. Maandamano hupita palepale mbele ya ofisi yao.

Meja Khagendra alikuwa mstaarabu, na hilo ndilo lililomchosha Asta Man kuliko yote. Angekuwa mbwatukaji ingekuwa nafuu. Lakini alisimama kumwamkia, alimuuliza hali ya magoti, alimletea peasi kutoka kijijini kwao upande wa magharibi. Alikalia meza ya mwandishi wa siasa ambaye alikuwa amefunga virago akakimbilia Delhi. Naye alikuwa na swali lake moja la kila siku, analiuliza huku ameshika mchoro mbali kidogo na macho.

"Hapa watu watacheka kwa nini?"

"Kwa sababu basi zima limezama shimoni, Meja, na kondakta bado anaita abiria."

"Lakini abiria hawawezi kupanda basi lililozama."

"Ndiyo, Meja. Ndiyo maana wanacheka."

Meja alikuwa akifikiri, kisha anasaini, akiwa na uso wa mtu aliyepunjwa chenji lakini hajui amepunjwa wapi. Kichekesho kikishaelezwa kinakufa. Asta Man alikuwa ameua kimoja kila siku tangu majira ya baridi, na alikuwa amechoka kama mchimba makaburi.

Siku ile alimpelekea mchoro wa penseli wa toleo la Gai Jatra. Ulikuwa msururu wa ng'ombe mbele ya jumba la kale la wafalme, kila mmoja na kibandiko kipajini kinachosema ni ng'ombe wa marehemu gani, kwa vitu vyote vilivyokufa mwaka ule. Alikuwa amewatanguliza wapole: Simu, Bomba la Maji, Mafuta ya Taa. Katikati akawapenyeza wawili waliokonda. Na mwishoni kabisa, kwa kuwa msururu ulikatika kabla ya kufika ukingo wa karatasi, aliongeza ng'ombe mmoja wa kujazia nafasi, hana kibandiko. Alikuwa na nia ya kumwandika Umeme, ila alitaka kwanza kuona Meja ataacha nani.

"Simu," Meja alisoma. "Hii naielewa, hata mke wangu alilalamika. Apite. Bomba, apite. Mafuta ya Taa, haya, apite. Huyu mwenye mbavu ni nani?"

"Bunge."

"Lakini Bunge halijafa, Asta Man-ji. Limepumzishwa tu."

"Basi niandike 'Amepumzika'?"

Meja akamtazama. "Unanichezea."

"Kesho Gai Jatra, Meja."

"Nami kesho kutwa nitakuwa bado Meja." Kalamu nyekundu ikapita juu ya Bunge. Ikapita pia juu ya aliyemfuata, ambaye alikuwa Amani. Kisha ikafika kwa yule wa mwisho, ikasita. Meja akainamisha kichwa na sauti yake ikashuka, kama watu wanavyoishusha wanapoingia nyumba yenye msiba.

"Huyu sihitaji kuelezwa," alisema. "Huyu simgusi. Kila marehemu ana haki ya kupata ng'ombe wake, hata kijana aliyepotea njia. Muache hivihivi bila jina. Wenyewe nyumbani mtajua."

Asta Man hakuelewa. Alimtazama yule ng'ombe, ng'ombe mbaya tu, aliyechorwa haraka, mguu mmoja mfupi kuliko mingine.

"Ni wa nani, Meja?"

"Si wa mpwa wako?"

Feni ya darini ilizunguka. Mtu mmoja chumba cha pili alikuwa akipiga chapa kwa vidole viwili. Meja Khagendra alifunga kifuniko cha kalamu, akakifungua, akakifunga tena, na usoni pake ilionekana wazi kwamba ameshajisikia alichosema.

"Nina maana," alisema, "familia nyingi zimeamua hivyo. Kutoa tu. Ili roho zao zitulie."

"Meja. Umesema marehemu."

"Asta Man-ji..."

"Lini?"

Meja akatazama mlango, kisha peasi zake juu ya meza. "Homa," alisema. "Ndivyo walivyoniambia. Mimi sikuwepo, sijawahi hata kufika mahali penyewe. Kabla mvua hazijaanza."

Kabla mvua hazijaanza. Kwa hiyo mashimo yote ya masika, basi lililozama, bata waliohamia njia panda, yule polisi anayevua samaki katikati ya barabara, yote aliyachora kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umetulia," Meja alisema, na jambo baya ni kwamba alisema kwa wema. "Ulikuwa unachora vizuri. Nikaona nisikuvuruge."

Akausaini ukurasa pembeni, akamsogezea peasi moja. Asta Man aliiacha palepale.

Alitoka akaenda mtaa wa Naradevi kwa miguu, kwenye nyumba ya dada yake. Njiani wafiwa walikuwa wakinunua nyuso za ng'ombe za karatasi, zile ambazo ukoo wake, wa wachoraji, umekuwa ukizichora tangu zama za mababu. Vijana wawili walimtambua wakamtania, naye akawapungia mkono. Alikuwa akipanga maneno. Alisema moyoni: Hera, keti chini. Akaona haifai. Hera, nimetoka kwa Meja. Nayo haifai. Alipopanda ngazi hadi jikoni, ghorofa ya juu kabisa, alikuwa hana hata neno moja alilolipanga.

Hera alikuwa akikaanga vibibi vya dengu, mgongo umemwelekea. "Njoo ule vikiwa vya moto," alisema bila kugeuka. "Shemeji zangu wametoka hapa sasa hivi. Wameshupaa nitoe ng'ombe kesho. Nimewaambia mtu akimtolea aliye hai ng'ombe, anamsukuma mwenyewe mpaka mlangoni kwa Yama. Wakanywa chai yangu wakaondoka."

"Hera. Nina neno."

Mwiko ukasimama hewani. Mafuta yakaendelea kulia peke yake.

"Kama ni neno, limeze," alisema Hera.

"Mdogo wangu..."

"Nimesema limeze, kaka! Maneno nimeyashiba. Kambini waliniambia hawamjui. Mheshimiwa mmoja akaniambia yuko salama, tena ananenepa. Mnajimu akaniambia yuko mashariki, karibu na maji. Wote waliniambia kwa mdomo, tena wananitazama usoni. Unajua mimi nasikiliza nini? Gazeti."

"Gazeti siku hizi haliandiki kitu."

"Nani kasema habari ya kuandika? Ukurasa wako." Sasa aligeuka, na Asta Man akaona jinsi alivyochakaa, mtu aliyekuwa akichelewa kila harusi kwa kujipamba. "Unaniona mimi mjinga? Kaka yangu niliyemjua, wa kuwaweka mawaziri ndani ya kikapu, ghafla anachora mashimo? Mwanzoni nilikasirika. Nikasema ameogopa, amekuwa mwanamume suruali. Halafu siku moja nikaelewa. Unanunua. Kila shimo unalochora unamnunulia Ujwal siku moja. Basi nikiamka kitu cha kwanza ni ukurasa wa nyuma. Nikiona shimo najua bei bado inalipwa, na hakuna mtu anayelipia maiti. Napumua. Nashuka, nateka maji, napika."

Asta Man alishika nguzo ya mlango.

"Kwa hiyo ukiwa na neno usinipe hapa jikoni," Hera alisema, na sauti ikaanza kumkatika. "Lichore. Nitaliona kesho pamoja na watu wote. Leo niache nikaange."

Alimwekea vibibi viwili kwenye sahani. Asta Man akavila vyote, kwa sababu dada yake alikuwa amesimama anamtazama. Kisha akashuka ngazi. Hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wala hakumwambia.

Ofisini Meja alikuwa ameshaondoka, kama alivyokuwa akiondoka kila siku akishasaini. Asta Man aliketi mbele ya karatasi nyeupe. Kwanza akachora shimo. Mkono ulilijua, ulilichora wenyewe: ukingo uliomeguka, maji, kandambili moja inaelea. Lilikuwa shimo zuri. Angelipeleka kama lilivyo, na kesho Hera angeshuka kuteka maji kama kawaida. Keshokutwa angempa jingine. Barabara za Kathmandu zina mashimo ya kumtosha mtu mpaka anazeeka. Lakini Yama hufungua mara moja kwa mwaka, na kijana angebaki nje amesimama, hana mkia wa kushika, kwa sababu mjomba wake anajua kuchora maji.

Mtu asije akasema alipata ujasiri. Ujasiri ni wa watu waliolala vizuri. Alichoka tu. Alichoka kueleza vichekesho, alichoka na peasi, alichoka kuulizwa hali ya magoti. Akageuza karatasi upande wa pili, akachovya kalamu.

Aliwarudisha ng'ombe wote. Bunge alimpa mbavu zote na kengele shingoni isiyo na ulimi. Amani alimchora kipofu, anaongozwa na majenerali wawili, mmoja wa kila upande, kila mmoja anamvuta kwake. Alipofika kwa yule wa mwisho hakumchora kwa haraka tena. Alimchora uso kama baba yake alivyokuwa akizichora nyuso za karatasi za wafiwa, macho marefu yenye wanja na kipaji kipana, na kwenye kibandiko akaandika: *Jina analo Meja.*

Mhariri wake, Bwana Regmi, mtu ambaye siku hizi alikuwa anakunywa dawa za tumbo kama peremende, aliusoma mchoro mara mbili.

"Huu Meja hajausaini."

"Meja amesaini ukurasa."

"Ukurasa wenye nini?"

"Wenye ng'ombe."

Regmi akavua miwani, akajifinya juu ya pua. "Asta, wewe huna mke. Mimi wangu atanifunga kabla jeshi halijafika." Akamtazama tena ng'ombe wa mwisho. Kicheko kilimtoka bila kutaka, kikakatika katikati, kwa maana Regmi alimfahamu Ujwal. Kijana alikuwa akija pale kumsubiri mjomba wake na kumaliza biskuti zote. "Kesho Gai Jatra," alisema. "Wakituuliza, tulikuwa tunatania." Akaupeleka mtamboni mwenyewe.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imepumzika. Asta Man alifika kwa Maili akiwa hajalala, akakuta watu wamefurika hadi barabarani, gazeti moja linasomwa na vichwa sita.

"Huyo! Huyo anakuja!" Maili aliruka kutoka nyuma ya jiko. "Mchora mashimo amekufa! Asta Man amefufuka!" Akamkumbatia mbele za watu, mikono yake ina unga. "Haya soma, soma tena, wewe mwenye sauti. Mbavu sina mimi!"

Mwenye sauti akasoma. Simu, wakacheka. Bunge, wakacheka wakapiga benchi. Aliposoma "Jina analo Meja," mtu mmoja alimwaga chai yake, mwingine akakaa chini kabisa barabarani anajifuta machozi. Nani asiyemjua Meja? Kila ofisi ilikuwa na wake. Walimpiga Asta Man mgongoni, walimwita kaka, walimwita simba. Maili alimmenyea yai bila kuombwa. Naye alisimama katikati yao, yai mkononi, akifikiria ngazi za Naradevi na kijana wa magazeti ambaye kwa saa hii alikuwa ameshapita.

Palikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka. Alivaa kofia ya watu wa milimani, na viatu vyake vilikuwa vya safari. Alilikunja gazeti lake polepole, akaliweka kifuani ndani ya koti, akamsogelea Asta Man.

"Samahani, kaka. Huyo Meja anapatikana wapi?"

"Ni katuni, bwana!" mtu akamcheka.

"Najua ni katuni," alisema yule mtu. "Mwanangu aliyechukuliwa ni wa kike. Anapatikana wapi?"

Asta Man akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye ghorofa ya ofisi yao. Kisha akaliweka yai mezani akaenda kwa Hera.

Hera alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chini, ameshaoga, nywele zimeachwa wazi kama za mfiwa. Gazeti lilikuwa mapajani, ukurasa wa nyuma juu. Alikuwa ameshalia, hilo halikuhitaji kuulizwa. Asta Man akaketi kando yake, wakatazama watoto wa jirani wakifungwa mikia ya nguo.

"Homa," Asta Man alisema. "Kabla ya mvua. Ndivyo wanavyosema."

"Ujwal hakuwa mtu wa homa."

"Hapana."

"Kwa hiyo mashimo yote yale..." Hakumaliza. Akampapasa kaka yake vidole vilivyovimba, kimoja kimoja. "Umemchora vizuri ng'ombe," alisema. "Ana macho mazuri. Sasa nenda kanitafutie wa kweli."

Alimpata kwa muuza maziwa wa Kilagal, ng'ombe mwekundu, mkaidi, aliyekula shada lake la maua kabla hawajafika njia kuu. Wakaingia kwenye maandamano katikati ya ngoma na tarumbeta. Mbele yao lilikuwa kundi la wanaume waliovaa sari wakimwigiza waziri na wake zake. Nyuma yao nyumba nyingine iliyofiwa, bibi mmoja mkongwe na wajukuu. Watu wa pembeni waliwapa maziwa na matunda, kama inavyotakiwa, wakawauliza, kama inavyotakiwa, ni ng'ombe wa nani.

"Wa mwanangu," Hera alijibu kila mara. "Ujwal." Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lile bila kuongeza kwamba atarudi, na kila alipolitaja Asta Man alitamani kuziba masikio.

Walipofika Bhotahiti, mbele ya ofisi ya gazeti, Hera aliivuta kamba akamtoa ng'ombe kwenye msururu. Asta Man akamfuata. Pale langoni walikuwa wamesimama watu, wengi kuliko alivyotegemea. Yule wa kofia alikuwepo, na kijana mwenye picha ya pasipoti iliyokuzwa mpaka uso ukawa ukungu, na wanawake wawili walioshikana mikono. Hawakupiga kelele. Kila mmoja alikuwa na ukurasa ule, wengine wameukunja, wengine wameushika kifuani. Maandamano yalipita nyuma yao yakicheka.

Mlinzi wa lango alikuwa ametoka na rungu lake, hajui alifanyie nini. Juu, dirishani, pazia lilisogea, kisha likarudi.

"Mama, njia ni huko," mlinzi alisema. "Ng'ombe wanapita huko. Hapa mna shida gani?"

"Hatuna shida, mwanangu," alisema Hera. "Tumekuja kuchukua majina."

Mlinzi akatazama juu dirishani, akatazama ng'ombe. Hera akaifunga kamba kwenye chuma cha lango, akakusanya sari yake, akaketi chini kwenye lami yenye unyevu, maana alikuwa amesimama mbele ya malango tangu majira ya baridi na miguu ilikuwa imekwisha. Mmoja baada ya mwingine, wale wengine nao wakaketi. Asta Man akaketi pamoja nao.